Aliyepelekwa Mlimani Akaelewe

Wewe uliona. Usinitolee macho, usiniambie siku ile gazeti halikufika kwenu. Lilifika. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Waziri amesimama kando ya kiti kitupu, amekivisha kiti nishani, anakipigia makofi. Kiti, ndugu yangu. Ukakitazama, ukajikuna shingo, ukafunua ukurasa wa mpira.

Kile kiti kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai, mahali fulani kwenye baridi, akiongea na sufuria. Hukuuliza. Jirani yako naye hakuuliza. Sasa kaa nikueleze taratibu, bila hasira, kama Wizara inavyotuelekeza sisi raia tueleze mambo.

*

Katika nchi yetu kuna Wizara ya Hali ya Hewa na Maelewano. Zamani zilikuwa wizara mbili. Watu wamesahau, mimi sisahau: ziliunganishwa mwaka ule mvua ilipokataa kunyesha, Serikali ikatangaza kwamba mvua imenyesha vizuri sana ila wananchi ndio hawajaelewa. Tangu hapo hali ya hewa na maelewano ni kitu kimoja, na mkubwa wake ni mmoja, Mheshimiwa Dakta Ndimbo.

Wizara hii ina desturi nzuri sana. Waziri akimaliza kuhutubia watumishi wake huuliza, "Kuna ambaye hajaelewa?" Kisha hunyamaza, anawapitia kwa macho safu kwa safu. Ukinyoosha mkono hupigwi, hufukuzwi, wala mshahara wako hauguswi. Sisi si washamba. Unapelekwa ukaelewe. Mahali pa kwenda kuelewa ni Kituo cha Kupimia Mvua, juu kabisa mlimani, ambako hakuna mtu, hakuna mtandao wa simu, hakuna hata jogoo wa kukuudhi asubuhi. Unakaa huko peke yako, unapima mvua, unaelewa. Unashuka siku atakapopatikana mwingine asiyeelewa.

Na kwa kuwa kila mtumishi analijua hilo, Wizara yetu inasifika kwa kuelewa kuliko wizara zote za bara hili. Wageni huja kujifunza kwetu. Wanawakuta watumishi wamekaa, wanatikisa vichwa kukubali.

Ambakisye alikuwa karani wa takwimu za mvua. Mtu mrefu, mcheshi, mwenye kuongea hata na kabati likikwama. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amemuoa Sekela, fundi cherehani wa pale nyuma ya soko, na kila akipita korido alikuwa anamsimulia mtu jambo alilosema Sekela jana. Siku ya mkutano, Mheshimiwa akapanda jukwaani na kusema:

"Ndugu zangu, katika muktadha wa umuktadha wetu, hatuna budi kuwianisha mwelekeo na uelekeo, ili matokeo yatokee matokeoni na yasitokee pasipotokea. Kuna ambaye hajaelewa?"

Ambakisye akanyoosha mkono.

Aliyekaa jirani yake akamvuta koti. "We Amba! Shusha!"

"Si ameuliza mwenyewe?" Akasimama. "Mheshimiwa, mimi hapo kwenye matokeo kutokea matokeoni, umeniacha njiani kidogo."

Kila mtu ukumbini akatazama viatu vyake mwenyewe. Mheshimiwa akatabasamu kama baba aliyemwona mwanawe akijikwaa. "Kijana wetu hajaelewa. Si kosa. Tumsaidie."

Makofi yakapigwa. Ambakisye naye akapiga, akidhani anasaidiwa. Mchana ule ule akapimwa buti.

Sekela akamfungia viazi na sweta alilolishona upya viwiko. "Utarudi lini?"

"Wamesema nikielewa."

"Basi elewa haraka, bwana. Elewa hata njiani, ugeuze na gari lile lile."

Walicheka. Gari halikugeuka naye.

*

Sasa hapa nivumilie, kwa sababu wasomi wetu wanapenda jambo hili lionekane uchawi. Mimi nimejifunza kwenye kitabu kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, na nimelishika.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Ukibonyeza A, yenyewe inaandika namba, na ndani yake kuna jedwali linalosema namba hii ni A, ile ni B. Shida ni kwamba waliotengeneza mashine hizi duniani hawakukaa kikao kimoja. Majedwali ni mengi. Namba ambayo kwa huyu ni A, kwa yule ni msalaba, au pesa ya nchi usiyoijua. Ndiyo maana watu wenye akili wakaweka ustaarabu: kila baruapepe hubeba kwenye paji la uso mstari mdogo unaosema, "Nimeandikwa kwa jedwali fulani." Programu ya mpokeaji inausoma mstari ule kwanza, inachukua jedwali lile lile, inafungua barua, watu wanaelewana. Basi. Hakuna cha zaidi.

Kompyuta ya mlimani, yenye antena yake ya kurushia barua Wizarani tu, tulipewa na taifa rafiki. Kompyuta za Wizarani tulipewa na taifa rafiki jingine, ambalo halisalimiani na lile la kwanza. Kila moja ilikuja na jedwali lake. Hilo peke yake lisingekuwa neno, ule mstari mdogo ungewapatanisha. Lakini sisi tuna Kanali Shomvi.

Kanali Shomvi ni Mkuu wa Lango la Barua. Kila baruapepe inayoingia serikalini inapita mikononi mwake kwanza. Siku moja akauona ule mstari wa kwenye paji la uso. Hakujua ni kitu gani. Na kwa kuwa yeye pia ni mtumishi wa Wizara, asingeweza kusema hajui. Akaenda Bungeni.

"Waheshimiwa," akasema kwa sauti ya chini, "kila barua inayoingia nchini ina mstari mmoja ambao mwandishi wake hakuuandika. Nawauliza. Kama hakuuandika yeye, kauandika nani?"

Bunge zima likasisimka. Mbunge mmoja aliomba maji. Sheria ikapita jioni ile ile kabla ya chai: mstari wa pajini ukatwe langoni, barua iingie kichwa wazi, na Wizara isome kwa jedwali la Wizara. Kanali akapewa mkasi wa dhahabu wa kuweka mezani.

*

Barua ya kwanza kutoka mlimani ilianza na maneno "Nimefika salama". Ilipopita kwa Kanali na kutokea kwenye skrini ya Wizarani, ilianza hivi:

Õ‰”…†‰’@¢“”

Wakuu wote waliitwa. Wakaitazama. Mkurugenzi wa Takwimu, Bwana Kisaka, mtu mnene mwenye miwani mbili shingoni, akavaa miwani ya kwanza, akaivua, akavaa ya pili.

"Mm," akasema.

"Mm-hm," akajibu aliyekuwa kando yake.

"Unaiona hiyo hapo katikati?"

"Nimeiona tangu naingia. Ina uzito."

Waziri akawa anapapasa tai. "Isomwe kwa sauti. Kisaka, wewe ndiye mwenye takwimu."

Ukitaka kumjua mtumishi wa umma, mtazame wakati huo. Kisaka alisimama, akasafisha koo, akasoma kwa majina alama alizozijua, kama anayeita mahudhurio. "Kwa elfu, Mheshimiwa. Ni ile inayofanana na asilimia, ila ina sifuri moja zaidi. Halafu nukta, nukta, nukta. Halafu msalaba. Halafu kwa elfu tena."

"Msalaba?" Waziri akashtuka. "Kuna waliokufa?"

"Kwa elfu, Mheshimiwa."

"Kwa elfu ngapi?"

"Hapo ndipo mwandishi ameweka zile nukta tatu. Ametuachia tutafakari."

Waziri akatikisa kichwa polepole, vichwa vingine vikafuata. "Alipokuwa hapa chini," akasema, "nani aliyejua kwamba huyu kijana ana kina hiki? Mlima umemfundisha. Kuna ambaye hajaelewa?"

Walikuwa wameelewa wote.

Barua ikaanza safari ya ofisini. Na hapa pana jambo la kitaalamu ambalo nalo si uchawi: ukisoma barua kwa jedwali lisilo lake, ukazihifadhi hizo takataka kama ndiyo maneno yenyewe, ukazituma tena mahali ambapo nako watakosea jedwali, kila alama inazaa. Moja inakuwa mbili. Mbili zinakuwa nne. Mahali pengine nne zinakuwa tisa. Kila ofisi iliyoipokea ile ripoti iliitia baraka zake na kuisukuma mbele, na Kanali akawa anakata paji la uso kila mlango. Mstari mmoja uliotoka mlimani, ulipofika Baraza la Mawaziri ulibebwa na wanaume wawili. Mawaziri waliupima kwa mikono, wakaangaliana. Hakuna wizara iliyowahi kuleta ripoti nzito namna ile.

Shukrani zikaandikwa, ndefu, zikarushwa mlimani. Kule nako zilifika bila paji la uso, zikasomwa kwa jedwali la kule. Ambakisye aliona skrini imejaa alama kutoka juu mpaka chini. Hakuambulia hata neno moja. Lakini aliziteremsha zote kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, siku nzima, akitafuta mahali palipoandikwa Sekela.

*

Utaniuliza nimejuaje. Nilinunua karanga.

Wizara ikichoka na ripoti huziuza kwa kilo, na yule mama anayekaanga karanga pale mahakamani hununua kufungia. Nilizimaliza karanga, nikabaki na karatasi, nikaona zile alama zinavyojirudia. Kitu kinachojirudia kina mtu ndani yake. Nikarudi nikanunua karanga nyingine, na nyingine, mpaka mama akaniuliza kama nina mimba. Nikachukua yale majedwali mawili kwenye kile kitabu changu, nikaanza kurudi nyuma: tisa kuwa nne, nne kuwa mbili, mbili kuwa moja, halafu ile moja kuirudisha kwenye jedwali la mlimani. Neno likatoka. Halafu jingine.

Hakuwa ameandika vifo. Hakuwa ameandika kwa elfu. Haya ndiyo aliyoandika.

"Naomba mtu wa kunipokea. Hata kama sijaelewa sawasawa, nimejitahidi."

"Mvua leo ni kidogo. Niliipima mara nyingi kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Ikawa kidogo vilevile."

"Ninapika chakula cha watu wawili. Changu nakula kwanza. Baadaye natoka nje, nabisha hodi, naingia, nakula kile cha mgeni. Mgeni huyu hasifii chakula."

"Mwambieni Sekela nimeanza kusahau sauti yake. Uso upo. Maneno yake nayakumbuka. Ila nikiyasema, yanatoka kwa sauti yangu."

"Kama nimekosea mahali pa kuandikia, naomba mniambie ni wapi."

Ndiyo hiyo ripoti ya kitaalamu. Ndiyo hiyo iliyobebwa na wanaume wawili.

Nilizipeleka kwanza kwa mhariri wa gazeti. Akasoma, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Mzee, Wizara imesema imeelewa. Mimi ni nani?" Nikazipeleka nyuma ya soko. Sekela alikuwa anashona sare za shule. Akazima cherehani, akasoma bila kuketi. Alipofika kwa yule mgeni asiyesifia chakula, akacheka kwa nguvu, kisha akashika meza.

"Huyu ni yeye," akasema. "Huyu mgeni ndiye yeye kabisa. Asante, kaka."

Akavaa viatu.

*

Mapokezini pa Wizara alikaa dada mmoja aitwaye Zamda, mwenye kucha ndefu na moyo usiokuwa mbaya.

"Karibu, dada. Una shida gani?"

"Mume wangu yuko mlimani. Anaomba mtu wa kumpokea. Ameandika, hajajibiwa."

"Hajajibiwa? Yule anajibiwa kuliko mtu yeyote!" Zamda akageuza skrini yake. "Tazama. Hii ya juzi tu. Ona ilivyojaa."

Sekela akainama. "Hii haisomeki."

Watu waliokuwa wakipita korido walisimama. Mmoja akaacha mguu hewani.

"Dada, punguza sauti," Zamda akanong'ona.

"Haisomeki. Wewe unaisoma?"

"Mimi naielewa."

"Sijakuuliza hivyo, mdogo wangu. Inasema nini?"

Zamda akatazama kushoto, akatazama kulia. "Dada, mimi naelewa kwamba sielewi. Lakini nina mtoto ananyonya. Nikisema, kesho niko kule juu."

"Na yeye aliyeko kule juu?"

Zamda akaanza kupanga kalamu.

Bwana Kisaka akaitwa kumsaidia mgeni. Sekela akamkabidhi zile karatasi zangu. Akazisoma kwa miwani zote mbili, na nakuapia, nilipoambiwa baadaye uso wake ulivyokuwa, nilijua alielewa kila neno. Ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza.

"Hii ni tafsiri ya mtaani," akasema. "Haina muhuri."

"Basi semeni hamjaelewa, mumwandikie upya kwa namna nyingine."

"Mama, sikiliza. Kutoelewa ni haki ya mtumishi wa Wizara peke yake. Raia wa kawaida hana kibali cha kutoelewa. Tukiwaachia ninyi, nchi itakuwaje?"

"Kwa hiyo mpaka niwe mtumishi."

"Mpaka uwe mtumishi," Kisaka akasema, akafurahi kwamba hatimaye kuna mtu amemwelewa.

Wiki ile Wizara ilikuwa inatafuta mpika chai. Sekela akafunika cherehani kwa kanga.

*

Barua za mlimani zikaanza kufupika. Ambakisye alikuwa amechoka kueleza. Mvua akaacha kuitaja. Mgeni naye akaacha kumtaja. Mwisho ikaja barua yenye neno moja tu, neno la herufi tatu na alama ya kuuliza. Ilipomaliza kupita ofisi zote, zamu hii zote bila kubakiza, ilikuwa vitabu. Ilijaza toroli.

Waziri alipoiona toroli alitokwa na machozi. Akaamuru nishani. Mwenyewe hawezi kuletwa, maana akiletwa nani ataandika? Basi kiti chake cha zamani kikatolewa stoo, kikafutwa vumbi, kikavishwa. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha yako.

Lakini gazeti halikukueleza kilichofuata, nawe hukuuliza.

"Ndugu zangu," Waziri alisema, mkono mmoja uko kwenye mgongo wa kiti, "taifa lenye mtu kama huyu halihitaji jirani. Peke yake, juu ya mawingu, anawaza kwa ajili yetu. Na leo natangaza kwa furaha kwamba tumemwongezea muda: atakaa kule maisha." Makofi. Akafunua kitabu cha kwanza kutoka kwenye toroli, akasoma alama nusu ukurasa kwa sauti ya kutetemeka, akakifunga. "Kuna ambaye hajaelewa?"

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma. Mpika chai alikuwa amesimama na birika mkononi, mvuke unapanda.

"Nani huyo?"

"Sekela, Mheshimiwa. Mtumishi wa Wizara, kitengo cha chai. Sijaelewa hata kidogo."

Kisaka akakimbilia sikio la Waziri. Kanali Shomvi akashika mkasi wake wa dhahabu, hakujua akate nini. Desturi ni desturi: aliyesema hajaelewa anapelekwa, na aliyetangulia anashuka. Hata Waziri hana uwezo wa kuitengua, kwa sababu akiitengua itabidi aeleze alivyoielewa.

"Dada wa watu," Waziri akasema taratibu, "unajua unakokwenda? Ukipanda, yeye anashuka. Hamtakaa pamoja."

"Hapo," Sekela akasema, "nimeelewa."

Akamimina chai aliyokuwa ameibeba, ili isipoe, kisha akaenda kupimwa buti.

*

Walikutana pale barabara inapokwisha. Dereva ndiye aliyenisimulia; hakuzima injini, kwa sababu hakupewa amri ya kuizima. Ambakisye alishuka akiwa na lile sweta, viwiko vimetoboka tena. Alimwona mke wake akasimama mbali.

"Hujambo, mke wangu?" akasema. Na kabla Sekela hajafungua mdomo, akajijibu mwenyewe kwa kisauti chembamba: "Sijambo, mume wangu, za huku?" Kisha: "Nzuri tu."

Alikuwa amezoea kufanya kazi zote mbili.

Sekela akaweka mzigo chini. Akamfunika mdomo kwa kiganja. "Ngoja," akasema. "Hiyo sehemu ni yangu. Niachie niseme mimi."

Akasema. Dereva hakusikia alichosema kwa sababu ya kelele za injini. Aliona tu yule mwanaume amefumba macho, anasikiliza, kama mtu anayejaribu kukariri.

Halafu mmoja akapanda, mmoja akaletwa mjini.

Ambakisye alikwenda moja kwa moja Wizarani. Akawaambia kila kitu: jedwali la kule, jedwali la huku, ule mstari mdogo. "Jamani, acheni kuukata. Hamhitaji kununua kitu. Acheni tu kuukata, na Sekela akiandika mtamsoma." Kanali Shomvi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkabidhi cheti chenye fremu: Ameelewa Maishani. Mwenye cheti hicho haruhusiwi tena kusema kwamba kuna jambo halieleweki, kisheria hawezi. Akinyoosha mkono, mkono wake unahesabiwa kuwa salamu.

Anakaa sasa nyuma ya soko, kando ya cherehani iliyofunikwa. Majirani wakimsalimia anangoja kwanza, kuona kama kuna mwingine atakayeitikia. Barua za Sekela zinafika Wizarani kila wiki na kunenepa. Waziri anasema mwandishi wa sasa ana kina kuliko wa kwanza. Sekela ameongezewa muda kabla hajauomba. Mimi nanunua karanga. Barua ya kwanza niliyoifungua ilisema, "Mwambieni asinipikie. Atakula peke yake sahani mbili, najua." Ya jana ilikuwa na neno moja, na ni lile lile aliloliandika mume wake, lile lililojaza toroli. Nimelirudisha mara mbili kwa majedwali yote mawili nisije nikakosea.

"Mpo?"

Hilo tu. Anauliza kama tupo.

Sasa wewe. Wizara imetangaza kwamba raia wote tumepandishwa cheo kuwa watumishi wa heshima, ili makofi yaongezeke. Hawakufikiri vizuri. Kwa sheria yao wenyewe, tangu siku hiyo wewe nawe una kibali cha kutoelewa. Na leo, wakati unasoma haya, Waziri yuko uwanjani na spika zake. Atafungua kitabu, atasoma alama, atauliza swali lake. Ijumaa iliyopita nilikuwepo, nikanyoosha mkono. Tangu mambo ya Sekela wamekuwa wajanja: wameandika kwamba mzee mmoja alionekana akijikuna kichwa. Mkono mmoja sasa ni kujikuna. Mikono miwili watasema ni majirani wanaojikuna. Uwanja mzima hawawezi kuuandika hivyo. Na kule mlimani, nimemuuliza Ambakisye, kuna kitanda kimoja tu. Hawawezi kutupandisha wote.

Ukisikiliza vizuri, spika unazisikia kutoka hapo ulipo. Nimekuwa nikikuona unajifanya huzisikii. Acha karatasi hii. Usiimalizie kesho, usimngoje jirani aanze, maana naye amekaa anakungoja wewe. Vaa viatu, toka nje, nenda uwanjani, na akiuliza, nyoosha mkono mpaka kwapa lionekane, useme kwa sauti ambayo hata Kanali hana mkasi wa kuikata:

Sijaelewa.

Sema sasa. Yule mwanamke anauliza kama tupo.